Bwana Nyoka wa Newala: Mwindaji aliyejua kumkaribia mnyama bila kumshtua

UKITAJA jina la Constantine John Philip Ionides mbele ya wazee wa Liwale au Newala, wengi watakutazama tu. Sema Bwana Nyoka, na hapo mazungumzo yataanza bila kuombwa. Hayati Ionides, Mwingereza mwenye asili ya Kigiriki, alifariki dunia mjini Nairobi Septemba 22, 1968, akiwa na umri wa miaka 67. Alianza kama mwanajeshi, akawa jangili, kisha akawa mlinzi wa wanyama, na mwishoni akawa mkamata nyoka. Kuanzia siku alipoliacha jeshi, riziki yake ilitegemea ujuzi mmoja: kumkaribia mnyama bila kumtia hofu.

Naandika habari zake kwa sababu maisha yake yanatugusa sisi tunaoishi kwa kuvuka Ruvuma, tuwe wafanyabiashara wa Kilambo na Namoto au watu tuliorudi kwenye mashamba tuliyoyakimbia. Mimi ni mtoto wa pwani ya Palma. Wazazi wangu walinivusha nikiwa mchanga vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964. Nikakulia upande wa Newala, tukarudi nyumbani baada ya uhuru wa Juni 25, 1975. Bwana Nyoka sikumjua kwa sura. Wazee waliomjua ndio walionisimulia, na baadaye nikasoma vitabu vilivyoandikwa juu yake. Nilichojifunza ni kwamba mtu huyu aliielewa hofu ya mnyama kuliko wengi wa zama zake, lakini hofu ya binadamu mwenzake hakuipa uzito uleule.

Kutoka Keya hadi ujangili

Ionides alizaliwa Uingereza mwaka 1901, katika ukoo wa Kigiriki ulioingia nchi hiyo kwa biashara karne ya 19. Alisoma shule ya Rugby, shule ileile aliyosoma Frederick Courteney Selous, mwindaji mashuhuri wa tembo. Vitabu vya Selous vilimkaa kijana huyo kichwani. Selous mwenyewe aliuawa kwa risasi ya Wajerumani huko Beho Beho, karibu na mto Rufiji, Januari 4, 1917, na mwaka 1922 pori la akiba la eneo hilo likapewa jina lake. Ionides aliyemsoma Selous akiwa shuleni ndiye aliyekuja kulipanua pori hilo.

Baada ya chuo cha kijeshi cha Sandhurst alitumikia jeshi India, na katikati ya miaka ya 1920 akaletwa Tanganyika katika kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita Keya. Jeshi kwake lilikuwa njia tu ya kufika porini. Alipoliacha, alivuka mpaka na kuingia maeneo yaliyotawaliwa na Wabelgiji, akaua tembo bila kibali na kuuza meno yao. Kwa lugha ya leo tungemwita jangili wa kuvuka mipaka, na yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1965. Baadaye aliongoza wageni matajiri waliokuja kuwinda.

Mwaka 1933 Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika ikamwajiri. Wapo walioona ni kumkabidhi fisi bucha. Lakini serikali ilihitaji mtu anayejua njia za majangili, na nani angezijua kuliko aliyezipita? Akapelekwa kusini, makao yake yakawa Liwale, na watu wakamwita kama walivyowaita wote wa kazi hiyo: Bwana Nyama.

Upepo kwanza, bunduki baadaye

Huko Liwale alifanya kazi na Wangindo, watu waliozoea kurina asali na kufuata nyayo kabla hajafika mzungu yeyote. Ujuzi wa pori la kusini ni wao. Mgeni mwenye bunduki nzuri asiye na mfuata nyayo hurudi na jasho lake tu.

Somo la kwanza la pori hilo ni upepo. Tembo haoni vizuri, lakini pua yake haina mpinzani. Ukiwa umesimama kimya mbele yake huenda asikutambue, lakini upepo ukikutoka mgongoni kuelekea kwake, kundi zima litaondoka kabla hujaliona. Ndiyo maana mwindaji hodari hubeba kijifuko cha kitambaa chenye majivu laini. Akikitikisa, majivu humwonyesha hewa inakokwenda. Alfajiri hewa ya baridi huteremka mabondeni. Jua likichomoza hupanda kufuata miteremko, na kufika saa sita mchana hugeukageuka bila mpango. Anayejua hivyo hufanya kazi yake mapema, na upepo ukianza kuyumba hukaa chini kivulini.

Somo la pili ni sikio. Tembo anapokula hufanya kelele nyingi mwenyewe: anavunja matawi, anatafuna, anapigapiga masikio. Mwindaji husogea wakati huo. Kelele zikikatika naye hukatika hapohapo, hata kama mguu mmoja uko juu. Masikio yakisimama wazi na mkonga ukainuka kupima hewa, ujue unatafutwa. Aliyetulia huweza kupona wakati huo, lakini mwenye haraka humshtua mnyama, na tembo aliyeshtuka ama hukimbia ama hukujia.

Kwa paa na swala kazi ni ngumu zaidi, maana macho yao ni makali. Chukua mbawala, ambaye watu wa vichaka vya Palma na Mocímboa da Praia wanamfahamu. Dume lake hutembea peke yake, hujificha katika kichaka kizito, na hutoka kula alfajiri na jioni. Ukimshtua hubweka kama mbwa, kisha huruka huku upande wa chini wa mkia wake ukionekana mweupe. Ukiuona weupe huo umechelewa.

Kule Marekani yupo paa mwenye desturi kama hiyo, na jina lake limetokana na mkia wake mweupe. Wawindaji wa huko hujenga jukwaa juu ya mti, wakakaa saa nyingi bila kutikisika, ili harufu yao ipite juu na macho ya mnyama yabaki chini. Kwetu hilo si geni. Ulingo tunaojenga katika mashamba ya mpunga kulinda nguruwe pori unafuata hesabu ileile: kaa juu, kaa kimya, mwache mnyama aje mwenyewe.

Ionides aliushika ujuzi huu akaukuza. Katika likizo zake alisafiri nchi mbalimbali kutafuta wanyama adimu kwa ajili ya majumba ya makumbusho, likiwemo la Nairobi lililoitwa Coryndon wakati ule. Hakuwa mtu wa anasa. Nguo zake zilichakaa, nyumba yake ilikuwa na vitu vichache, na mazungumzo yasiyohusu wanyama au vitabu yalimchosha.

Hofu ikatumika kama ukuta

Kazi kubwa ya Bwana Nyama wa wakati ule ilikuwa tembo waliokula mashamba. Ikumbukwe kwamba kusini kulikuwa kumepungukiwa na watu. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, pamoja na njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuchoma ghala na mashamba, viliua watu wengi sana. Pori likarudi palipokuwa na vijiji, na tembo wakafuata pori. Mkulima aliyebaki alilima mchana na kukesha usiku.

Ionides na askari wake waliua tembo wengi katika kazi hiyo. Hata hivyo, alikuwa na hesabu yake. Aliona kwamba tembo hujifunza. Akipigwa risasi kila anapoingia shambani, na asiguswe anapokuwa porini, baada ya muda atajua mwenyewe mpaka uko wapi. Mtu aliyezoea kuwakaribia wanyama bila kuwashtua sasa aliwashtua kwa makusudi, ili hofu iwe ukuta kati ya shamba na pori. Kwa njia hiyo alitaka tembo wa kusini wapate makao makubwa yasiyo na risasi, na makao hayo yawe Selous.

Hapa ndipo habari zake zinapokuwa chungu. Ili pori liwe kubwa, ilibidi watu waondoke. Katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza iliwahamisha maelfu ya watu, wengi wao Wangindo, kutoka maeneo ya Liwale, na kuwakusanya katika vijiji vikubwa mbali na kwao. Sababu iliyotajwa ilikuwa ugonjwa wa malale unaoletwa na mbung'o. Ugonjwa huo ulikuwepo kweli. Lakini ardhi iliyoachwa wazi haikurudishwa kwa wenyewe mbung'o walipopungua. Iliingizwa katika pori la akiba, na Ionides alikuwa mstari wa mbele kutaka iwe hivyo.

Wanaomsifu humwita baba wa Selous, nao hawakukosea. Mwaka 1982 pori hilo, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 50,000, liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini wajukuu wa waliohamishwa wana haki ya kuuliza makaburi ya babu zao yako wapi ndani ya kilomita hizo. Mtu aliyeweza kusubiri nusu siku ili tembo asishtuke hakuona ubaya familia kuamriwa kufunga mizigo. Anayesoma makala haya naye aliwahi kufunga mizigo usiku, hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Bwana Nyama ageuka Bwana Nyoka

Nyoka alikuwa amewapenda tangu utotoni, na alipostaafu katika miaka ya 1950 aliwapa muda wake wote. Alihamia Newala, juu ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo ukisimama ukingoni unaiona Ruvuma chini na ng'ambo yake Msumbiji. Alichagua hapo kwa sababu nyoka aliowataka wapo tele: koboko, swila, bafe, na yule ndugu wa koboko wa rangi ya kijani anayeishi katika miembe, mikorosho na minazi ya pwani yetu yote. Wazungu humwita mamba, jina linalotuchanganya sisi ambao mamba wetu yuko mtoni.

Utaratibu wake ulijulikana vijiji vyote. Ukimwona nyoka, usimguse wala usimfukuze. Nenda kwa Bwana Nyoka, naye atakuja na gari lake, vijiti vyake na masanduku, na mleta habari atapata malipo. Kwa mkulima wa korosho hiyo ilikuwa biashara nzuri. Zamani nyoka aliyeonekana juu ya mti alipigwa mawe, akakimbia, na kesho yake mchumaji mwingine akamkuta. Sasa watu walijifunza kumwangalia kwa mbali na kutulia.

Kwa nyoka wa mtini alitumia fimbo ndefu sana yenye koleo mwishoni. Aliisogeza polepole katikati ya matawi, kwa mwendo ambao nyoka angedhani ni tawi linalosukumwa na upepo, hadi koleo lilipofika shingoni. Ajabu zaidi ni jinsi alivyomshika bafe wa msituni, yule mnene mwenye madoa kama zulia, ambaye meno yake ya sumu hufikia sentimita 5 na hayana kifani kati ya nyoka wote. Kwanza alimgusa kichwani taratibu kwa koleo ili kupima hasira yake. Akiona ametulia, aliweka koleo kando, akamshika shingo kwa mkono mmoja na kuubeba mwili kwa mkono wa pili, akamtia sandukuni. Mara nyingi nyoka huyo hakupapatika.

Haikuwa dawa wala uganga, ingawa wapo walioamini hivyo. Ilikuwa kanuni ileile ya tembo: mnyama asiyeona sababu ya kuogopa hana sababu ya kupigana. Wala tusimwige. Aliumwa zaidi ya mara moja katika maisha yake, pamoja na ujuzi wote ule.

Maelfu ya nyoka walipita mikononi mwake. Walipelekwa hai katika bustani za wanyama, makumbusho na mahali sumu inapokamuliwa kwa utafiti. Sumu ya nyoka ndiyo inayotengenezewa dawa ya aliyeumwa. Wanasayansi nao walimkumbuka: mjusi mmoja asiye na miguu anayeishi chini ya ardhi, aliyepatikana Liwale, aliitwa ionidesii mwaka 1950.

Alichoacha

Alipofariki Nairobi mwaka 1968, Ionides alirudishwa kusini na kupumzishwa ndani ya Selous, kwenye mlima Nandanga. Ukuta alioujenga haukudumu kama alivyotaraji. Hesabu ya mwaka 1976 ilikuta tembo wapatao 109,000 katika eneo la Selous. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta karibu 13,000 tu. Majangili wa kizazi cha baadaye walikuja na silaha za kivita, na meno yakapita njia zilezile ambazo wafanyabiashara halali hupitisha mchele na kapulana. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000.

Funzo kwa anayerudi shambani

Kaskazini ya Cabo Delgado nasi tumepitia yetu. Mashambulizi yaliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na lile la Palma la Machi 2021, yaliwatoa mamia ya maelfu ya watu majumbani. Shamba likikaa misimu miwili mitatu bila jembe, mnyama hujua. Anayerudi hukuta njia za tembo katikati ya mihogo na nyoka katika paa la nyumba lililoanguka. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi tunashtuka, na tembo aliyepigwa risasi miaka ya nyuma naye anashtuka. Viumbe wawili walioshtuka wakikutana njiani gizani, anayeumia mara nyingi ni mtu.

Tuchukue basi yale mazuri ya Ionides. Ukipita njia ya porini, usisafiri alfajiri sana wala jioni, saa ambazo wanyama wanatembea. Ukikuta kinyesi cha tembo chenye joto, geuka. Ukimwona kwa mbali, angalia upepo kwanza, kisha rudi polepole kwa njia uliyojia. Usipige kelele ukiwa karibu naye, na kamwe usisimame kati ya mama na mtoto wake.

Shambani fanya kinyume, kama alivyofanya yeye, ila bila bunduki, maana kuua tembo ni kosa la jinai pande zote mbili za Ruvuma. Matofali ya kinyesi cha tembo kilichochanganywa na pilipili, yakiwashwa usiku upande unaotoka upepo, hutoa moshi ambao pua ile kali haiuvumilii. Kenya wametundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, maana tembo huogopa nyuki, na mkulima hupata asali juu yake.

Kwa mchumaji wa korosho na maembe: tazama juu kabla ya kupanda, tikisa tawi kwa mti mrefu, ukimwona nyoka rudi nyuma taratibu. Aliyeumwa asikimbie. Alazwe, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, asichanjwe wala asifungwe kamba ya kukata damu, apelekwe hospitali mara moja. Sumu ya yule wa kijani haisubiri.

Tumkumbuke pia kwa kosa lake. Yako mazungumzo mengi sasa kuhusu hifadhi na miradi katika ardhi yetu, na yote huletwa kwa sababu zinazosikika vizuri, kama malale yalivyosikika vizuri Liwale. Watu wa pande hizi wamehamishwa na vita, na ugonjwa, na njaa, na amri. Anayekuja kuzungumza nao kuhusu ardhi yao awape walau subira ile Bwana Nyoka aliyompa bafe: aje polepole, apime kwanza, wala asishike kitu kabla hajajua kama mwenyewe ametulia.